Kupanda Vilima vya Ngong na mbwa siku ya upepo: maswali tunayoulizwa kila mara

Tangu mimi na mume wangu tumpeleke Karanga Ngong Jumamosi moja ya Julai, hatuna raha langoni. Mlinzi wa ploti ameuliza, mama mboga ameuliza, binamu zangu wa Mombasa wamepiga simu kuuliza. Maswali ni yale yale, kwa hiyo nimeyaandika mahali pamoja na majibu yake. Karanga ni mbwa wa kienyeji, rangi ya njugu, kilo 18, umri miaka minne. Mwenye mbwa mdogo zaidi au wa pua fupi aanze na sehemu ya "Mbwa mwenyewe" kabla ya kufunga mizigo.

## Mambo ya kwanza

Vilima vya Ngong viko wapi hasa, na safari ni ndefu kiasi gani?

Viko Kaunti ya Kajiado, kama kilomita 25 kusini-magharibi mwa jiji la Nairobi, ukingoni kabisa mwa Bonde la Ufa. Kilele cha juu, Lamwia, kina takriban mita 2,460 juu ya usawa wa bahari. Njia hufuata mgongo wa vilima kutoka upande wa mji wa Ngong hadi Kona Baridi kwenye barabara ya Magadi, kilomita kumi na ushei. Unapanda kimoja, unashuka, unapanda kingine. Watu huvihesabu saba, ila ukifika katikati kila mmoja ana hesabu yake.

Vilima hivi ni mabaki ya volkano ya kale. Ardhi ya Bonde la Ufa ilipopasuka, upande wa magharibi ulididimia, wa mashariki ukabaki umesimama. Ndiyo maana mashariki kuna mteremko wenye msitu unaotazama Nairobi, na magharibi kuna poromoko linaloshuka hadi bondeni, kukavu, ambako siku ya anga safi unaona Suswa na Longonot. Shika picha hiyo kichwani, maana majibu mengi hapa chini yanategemea ni upande gani uko wapi.

Mbwa anaruhusiwa kuingia?

Ngong ni msitu wa hifadhi ulio chini ya Shirika la Huduma za Misitu, KFS. Si mbuga ya kitaifa, na tofauti hiyo ndiyo iliyotuwezesha kwenda. Sisi tulipita langoni Karanga akiwa kwenye kamba. Hakuna aliyetuomba kadi ya chanjo, lakini tulikuwa nayo mfukoni. Masharti ya lango hubadilika, kwa hiyo uliza kwanza, lipa baadaye. Malipo hufanywa kwa simu, na pesa ikishaenda hivyo, kuidai ni safari nyingine.

Basi si tungempeleka Longonot, au Mlima Kenya?

Hapana. Hizo ni mbuga za kitaifa, na mbwa wa nyumbani hawaruhusiwi. Kilimanjaro nako ni vivyo hivyo. Watu hudhani ni ukali wa bure wa maaskari, lakini kuna sababu. Mwaka 1994 ugonjwa wa distempa uliua karibu theluthi moja ya simba wa Serengeti, na wataalamu waliufuatilia hadi kwa mbwa wa vijijini kandokando ya mbuga. Mbwa wako anaweza kuwa mzima kabisa machoni pako na bado akaacha kitu nyuma.

Anayetaka kuanza na mahali rahisi, bila kilima na bila upepo, aende Msitu wa Karura, Nairobi. Mbwa wanaruhusiwa huko wakiwa kwenye kamba.

Mlifikaje? Matatu inabeba mbwa?

Matatu za 111 zinakwenda Ngong kutwa, lakini ingia na mbwa wa kilo 18 uone. Makanga mmoja alituambia tumlipie viti viwili, mwingine akapandisha kioo. Tuliazima gari la shemeji, tukatandika shuka kuukuu kiti cha nyuma.

Shida ya pili wengi hawaisemi. Njia hii huanzia upande mmoja na kuishia upande mwingine, na wapanda vilima hurudi kwa boda hadi Kiserian kisha matatu. Mbwa hapandi boda. Ama ufike mahali ugeuke urudi ulikotoka, ama uwe na mtu wa kukusubiri Kona Baridi na gari. Sisi tulipanga kugeuka, na ni vizuri tulivyopanga hivyo (tazama swali la mwisho kabisa).

## Upepo

Kwa nini Ngong pana upepo mkali hivyo?

Jina Kona Baridi halikuja hivi hivi. Upepo wa huku huja zaidi kutoka mashariki, ule ule ambao watu wa pwani huuita kusi au kaskazi kulingana na msimu. Ukitoka baharini unapita nyika na tambarare bila kizuizi cha maana, kisha unakutana na ukuta wa vilima vilivyolala kaskazini hadi kusini, yaani vimekingama njia yake. Hewa haina pa kwenda ila juu. Ikifika mgongoni inabanwa, na ikibanwa inakimbia, kama maji ya mpira ukiziba mdomo wake kwa kidole gumba.

Serikali iliona hilo zamani. Mitambo miwili ya kwanza ya umeme wa upepo ilisimikwa hapo mwaka 1993 kwa msaada wa Ubelgiji. Kampuni ya KenGen ikaongeza mingine kuanzia 2009, na leo kituo kina uwezo wa megawati 25.5. Ukisikia mtu anasema Ngong "kuna kaupepo", mwonyeshe hayo mapanga ya mitambo.

Nitajuaje kama upepo umezidi?

Itazame mitambo ukiwa bado mjini Ngong. Huwa inageuza uso kuelekea unakotoka upepo, kwa hiyo inakuambia mwelekeo kabla hujapanda hata hatua moja. Mwelekeo una maana kubwa kuliko watu wanavyodhani. Upepo wa mashariki unakusukuma kuelekea magharibi, na magharibi ndiko kwenye poromoko.

Kuhusu nguvu, tunatumia vipimo vya mwili. Mwavuli ukikataa kushikika, upepo umefika kama kilomita 40 kwa saa. Mtu mzima anaweza kutembea na mbwa mkubwa atavumilia, ila mbwa wa kubebwa kwapani abaki nyumbani. Ukilazimika kuinama ili usonge mbele, umepita 50. Hapo sisi hugeuka. Siku ile tuliinama.

Baridi je?

Kuanzia Nairobi hadi Lamwia unapanda zaidi ya mita 600, na hewa hupoa kama nyuzi sita hivi kwa kila mita elfu. Hesabu hiyo inakupa nyuzi nne tu, jambo dogo. Kinachouma ni upepo unaokunyang'anya joto la ngozi, hasa ukiwa umeloa jasho la kilima kilichotangulia. Jaketi la mtumba la kuzuia upepo lina faida kuliko sweta mbili nzito. Julai asubuhi kuna ukungu pia, na ukungu pamoja na upepo ni kama kunyeshewa na mvua isiyoonekana.

Jihadhari na kinyume chake. Mchana wingu likifunguka, jua la karibu na ikweta linaunguza huku upepo ukikudanganya kwamba kuna ubaridi. Mume wangu alirudi na shingo nyekundu kama ya mzungu aliyelala Diani. Mbwa mwenye pua ya waridi au masikio meupe huungua vile vile.

Mbwa wangu ni mtiifu, nyumbani hurudi akiitwa mara moja. Kwa nini nisimwachilie?

Hili ndilo swali tunaloulizwa zaidi, nami ndilo ninalolijibu kwa urefu, maana nilikuwa na mawazo hayo hayo.

Kwanza, hatakusikia. Upepo una kelele zake masikioni, lakini si hilo tu. Sauti inayopigwa kuelekea unakotoka upepo hupindwa ikaenda juu, ikapita juu ya kichwa cha unayemwita. Nilimwita Karanga kutoka hatua kama thelathini, kwenye sehemu tambarare, mwishoni mwa kamba ndefu tuliyokuwa tukiijaribu. Hakugeuza hata sikio. Nikadhani ananipuuza. Tulipobadilishana nafasi na mume wangu, yeye akiwa upande wa upepo, Karanga alimsikia kwa sauti ya kawaida ya mezani. Utiifu wa mbwa ulikuwa ule ule. Kilichobadilika ni pale tuliposimama. Filimbi inasaidia kidogo, lakini sheria ni ile ile.

Pili, anasikia harufu ambazo wewe huzijui. Upepo wa mashariki unapandisha mgongoni harufu yote ya msitu ulio chini, na msituni kuna nyati. Wewe unaona nyasi zinazocheza, yeye anasoma gazeti zima. Mahali pamoja Karanga alisimama ghafla, nywele za mgongo zikainuka, akitazama miti iliyokuwa mbali chini yetu. Hatukuona kitu. Hatukukaa kutafuta pia.

Tatu ni poromoko, ambalo nimeshalieleza.

Kwa hiyo kamba, kama mita mbili, iliyofungwa kwenye mshipi wa kifuani na si shingoni. Usiifunge kiunoni mwako kwenye mteremko, akivuta mtashuka wote wawili. Penye njia nyembamba Karanga alitembea upande wa mashariki, na aliyemshika akawa upande wa poromoko.

Na ninyi wawili mlisikilizana vipi?

Vibaya. Kwa saa nzima ya kwanza mimi nilikuwa nikisema "tupumzike" na mume wangu akijibu "ndiyo, pazuri sana". Tulinuniana kidogo, kila mmoja akiamini mwenzake hajali. Baadaye tukajikinga nyuma ya mwamba tukakubaliana ishara tatu za mikono: simama, geuka, mshike mbwa. Wanaokwenda wawili wakubaliane hayo wakiwa bado ndani ya gari.

Mbwa haogopi ile mitambo?

Mvumo haukumshtua. Kivuli ndicho kilichomshtua. Asubuhi jua likiwa chini, vivuli vya mapanga hupita juu ya nyasi kimoja baada ya kingine, na Karanga aliruka kama aliyepigwa jiwe. Tulipita upande usio na vivuli, tukampa kipande cha kiazi, yakaisha. Mbwa anayejificha chini ya kitanda radi ikipiga sitamleta hapa.

## Mbwa mwenyewe

Mbwa wa aina gani anaweza?

Wa kienyeji mzima, aliyezoea kutembea, anaweza kuliko wengi wa bei mbaya. Mbwa wa pua fupi wasipandishwe. Mbwa hutoa joto kwa kuhema, jasho lake ni la nyayo tu, na mwenye pua iliyobanwa hawezi kuhema kikamilifu kilimani. Watoto ambao mifupa bado inakua nao wasubiri. Kwa wazee, muulize daktari wa mifugo.

Maji na chakula?

Mgongoni hakuna maji. Hakuna kijito, hakuna bomba. Mbwa kwa siku ya kawaida hunywa kama mililita 50 hadi 60 kwa kila kilo ya mwili, kwa hiyo Karanga hunywa lita moja nyumbani. Tulimbebea lita mbili na bakuli la plastiki, tukampa kidogo kidogo. Bakuli tupu hushikwa kwa mguu, maana letu la kwanza liko mahali fulani Bonde la Ufa.

Alikula mayai ya kuchemsha na viazi vitamu, vile vile tulivyokula sisi. Sambusa zetu hakupata, zina vitunguu, na vitunguu ni sumu kwa mbwa. Zabibu na chokoleti pia. Mle upande wa magharibi, hatua chache chini ya mgongo penye uwanda mpana wa nyasi, upepo ukipita juu yenu. Ukila mgongoni utakula vumbi.

Nyayo na macho?

Mawe ya volkano yana makali. Kila tulipopumzika tulikagua nyayo moja moja na kati ya vidole. Vumbi likiingia machoni, osha kwa maji safi ya kunywa, usisugue. Jioni tafuta kupe kwa vidole, masikioni na kwapani hasa. Kupe wa mbwa huleta homa inayoweza kuua, na dalili huchukua siku kadhaa kujitokeza. Mbwa akikataa chakula wiki inayofuata, mwambie daktari alikuwa Ngong.

## Watu, mifugo na wanyama

Wafugaji hawakasiriki?

Wana haki wakikasirika. Ng'ombe, kondoo na mbuzi hulishwa kwenye vilima hivi, na mbwa wa mjini anayekimbiza kondoo karibu na poromoko anaweza kumfilisi mtu asubuhi moja. Ukiona kundi, fupisha kamba, toka njiani, kaa upande ambao upepo hautawapelekea harufu yako, subiri lipite. Salimu. Kijana mmoja mchungaji alimtazama Karanga kwa muda, akatuuliza anafanya kazi gani. Tulikosa jibu. Mbwa wake mwenyewe alikuwa amelala katikati ya mbuzi, hata hakuinua kichwa kutubwekea.

Na usalama?

Watu wameporwa Ngong miaka ya nyuma. Nenda na kundi, au omba langoni askari wa misitu akusindikize. Mbwa si ulinzi. Msindikizaji pia ndiye anayejua nyati walionekana wapi juzi.

Wanaopishana nasi na hawataki kuguswa na mbwa?

Binamu zangu wa Mombasa ndio waliouliza hili, na ni swali la haki. Waislamu wengi wa pwani hufuata madhehebu ya Shafii, ambayo mate ya mbwa ni najisi ya kuoshwa mara saba, moja kwa udongo. Mlimani hakuna maji ya kuosha hata mara moja. Kwa hiyo sisi ndio tunaopisha, kila mara, na mbwa anakaa upande wa mbali. Wapo pia wanaoogopa mbwa bila sababu yoyote ya dini. Usimpigie mtu kelele "haumi huyo". Hakujui wewe, atamjuaje mbwa wako?

## Yasiyo ya kawaida

Mbwa akimng'ata mtu, au mbwa wa wafugaji wakimng'ata wetu?

Mtu aliyeng'atwa aoshe kidonda kwa maji na sabuni kwa dakika 15, kisha hospitali siku hiyo hiyo kwa chanjo ya kichaa cha mbwa, hata kama kidonda ni mkwaruzo na hata kama mmiliki anaapa. Ugonjwa huo ukishaonyesha dalili, karibu kila mgonjwa hufa. Hapa ndipo kadi ya chanjo iliyo mfukoni inapopata kazi. Mbwa wako aking'atwa, mkimbize kwa daktari wa mifugo, naye aongezewe chanjo.

Ukungu ukishuka ghafla?

Simameni. Mgongo wa kilima una upande mmoja mzuri na mmoja mbaya, na ukunguni pande zote zinafanana. Mara nyingi hupita. Ukungu usipopita, rudini kwa njia mliyoijia, mbwa akiwa kwenye kamba fupi nyuma yenu, asiwe mbele.

Mbwa akikaa chini na kukataa kwenda?

Usimvute. Kagua nyayo, mpe maji, mpeleke pasipo na upepo kwa dakika kumi. Akihema kwa nguvu ilhali amepumzika, ufizi ukiwa mwekundu sana, anayumba, hilo ni joto: mloweshe tumbo na nyayo, mteremshe. Akitetemeka, ni baridi: mfunike kwa jaketi lako. Akiwa mzima kabisa na bado hataki, huenda ana habari ambayo nyinyi hamna.

Kwa hiyo mlifika Kona Baridi?

Siku ile hapana. Kwenye kilima cha nne kwa hesabu yangu, cha tano kwa hesabu ya mume wangu, upepo ulitufanya tuiname, na Karanga akakaa chini. Hakuwa na mwiba, hakuwa na kiu. Mume wangu alinyoosha kidole mbele, mimi nikazungusha mkono, ile ishara ya geuka. Kura ikawa mbili kwa moja.

Tulirudi Septemba, shemeji akatusubiri na gari mwisho wa njia. Mapanga ya mitambo yalikuwa yakijizungusha kivivu. Karanga alimaliza vilima vyote, akafika Kona Baridi, akalala chini ya benchi la kibanda cha chai, na kila lori lililopita kuelekea Magadi akalibwekea bila kuinuka.